Kumbukumbu ya Ajali Hukaa Wapi? Mafunzo ya Usalama Kazini katika Migodi, Viwanda na Barabara za Mbeya na Iringa

Kila ajali ya kazini huacha madhara na maarifa. Madhara huonekana mara moja, katika mkono uliokatika, familia iliyofiwa au mashine iliyosimama, lakini maarifa hayaonekani mpaka apatikane mtu wa kuyakusanya, mahali pa kuyahifadhi na mamlaka ya kuyageuza kuwa amri. Kwa sababu hiyo, swali la namna viwanda vinavyojifunza kutokana na ajali ni swali la hifadhi kabla ya kuwa swali la elimu: kile ambacho ajali imekifundisha kinawekwa wapi, na je, atakayekihitaji miaka kumi baadaye atakikuta?

Uchambuzi huu unalitazama swali hilo kupitia mikoa ya Mbeya na Iringa, ambako katika eneo moja hukutana migodi ya dhahabu ya Chunya, makaa ya mawe ya Kiwira mpakani mwa Mbeya na Songwe, mashamba na viwanda vya chai vya Rungwe na Mufindi, msitu wa kupandwa wa Sao Hill pamoja na viwanda vya mbao vya Mafinga, kiwanda cha karatasi cha Mgololo, reli ya TAZARA na barabara kuu iendayo Zambia. Hoja inayojengwa ni kwamba maarifa ya ajali yana makao manne, ambayo ni mwili wa mfanyakazi, karatasi, sheria, na chuma chenyewe, yaani umbo la mashine au la mahali pa kazi. Na kwamba udhaifu mkubwa wa eneo hili unatokana na maarifa mengi kubaki katika makao ya kwanza, ambayo hayadumu, kwa kuwa mwili huhama, huchoka na hatimaye hufa.

Istilahi chache zinahitaji kufafanuliwa mapema. Kihatarishi, katika lugha inayotumiwa na wakaguzi wa Tanzania, ni kitu au hali yoyote yenye uwezo wa kudhuru, kama msumeno usiofunikwa au ukuta wa shimo ulioanza kumeguka. Ajali ni tukio ambalo kihatarishi hicho kimedhuru kweli. Nusura ya ajali ni tukio ambalo lingedhuru lakini halikudhuru, kama gogo lililoanguka pale alipokuwa amesimama mtu dakika moja kabla. Umuhimu wa nusura ni kwamba hufundisha bila kutoza gharama, na methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta inaeleza jambo lilelile. Ila nusura pia ndiyo rahisi zaidi kusahauliwa, kwa sababu haiachi maiti wala madai ya fidia.

Uzembe na majaliwa

Maelezo mawili hutawala mazungumzo ya ajali nchini Tanzania, na yote mawili huzuia kujifunza ingawa yanaonekana kupingana. Ya kwanza ni majaliwa: ajali haina kinga, siku yake ilikuwa imefika, ni mipango ya Mungu. Maneno hayo yana kazi yake halali msibani, ambako huwafariji waliobaki na kuwaepusha kutafuta mchawi katikati ya majonzi, lakini yakihamishwa kutoka msibani kwenda ofisi ya meneja huwa yanafunga uchunguzi kabla haujaanza. Maelezo ya pili ni uzembe: dereva alikuwa na mwendo kasi, fundi hakuvaa glovu, mchimbaji aliingia shimoni bila ruhusa. Tofauti na majaliwa, uzembe unamtaja mhusika, na kwa kuwa unamtaja huonekana kama jibu. Hata hivyo mhusika akishafukuzwa au kushtakiwa, mashine hubaki vilevile na hukabidhiwa mtu mwingine.

Nadharia za usalama zimepitia safari kama hiyo. Mwaka 1931 H. W. Heinrich, Mmarekani aliyefanya kazi katika kampuni ya bima, alidai kwamba kwa kila jeraha kubwa moja kulikuwa na majeraha madogo 29 na matukio 300 yasiyoumiza, na akaona chanzo cha ajali nyingi kuwa matendo ya wafanyakazi. Uwiano huo ulisaidia kuvuta macho kwenye nusura, lakini wazo la kumlaumu mfanyakazi lilipata wapinzani baadaye, mmoja wao akiwa mwanasaikolojia Mwingereza James Reason, ambaye miaka ya 1990 alifananisha kinga za kiwanda na vipande vya jibini vyenye matundu, ajali ikitokea pale matundu ya vipande vyote yanapojipanga katika mstari mmoja. Mkazi wa Mufindi angeweza kufikiria nyua kadhaa za matete, uzio nyuma ya uzio, kila mmoja ukiwa na pengo lake: ng'ombe hufika kwenye mahindi siku mapengo yanapoelekeana, na kumchapa mchungaji hakuzibi pengo hata moja.

Takwimu za majeraha madogo nazo zina mipaka yake. Machi 2005 kiwanda cha kusafishia mafuta cha Texas City nchini Marekani kililipuka na kuua watu 15, ingawa hesabu za majeraha ya kawaida, ya kuteleza na kukatwa vidole, zilikuwa zikionyesha maendeleo mazuri. Funzo lake ni kwamba kupungua kwa ajali ndogo hakuthibitishi kwamba ajali kubwa iko mbali, kwani anayehesabu vidole vilivyofungwa plasta anaweza kuwa hatazami shinikizo ndani ya mtambo.

Chunya: maarifa yaliyobaki mwilini

Dhahabu ya Lupa iligunduliwa mwaka 1922, na katika miaka ya 1930 Chunya ikawa kivutio cha wachimbaji kutoka kila upande wa Tanganyika na nje yake. Kabla ya uhuru vijana wengi wa Rungwe na jirani zake walikwenda pia kwenye migodi ya Afrika Kusini kupitia uandikishaji uliojulikana kama Wenela, wakarudi na mablanketi, baiskeli na ujuzi wa miamba, na baadhi yao wakarudi na vifua vilivyojaa vumbi. Vumbi la mawe yenye silika huleta silikosisi, ugonjwa unaofanya makovu kwenye mapafu na kumweka mgonjwa katika hatari kubwa ya kupata kifua kikuu, na kwa kuwa dalili zake huja miaka mingi baada ya kuvutwa kwa vumbi, ugonjwa hujitokeza kijijini, mbali na mgodi uliousababisha na mbali na daftari la mwajiri. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2023 kwamba karibu watu milioni 2.93 hufa kila mwaka kwa sababu zinazotokana na kazi, na kwamba sehemu kubwa ya vifo hivyo, takriban milioni 2.6, husababishwa na magonjwa. Kiwanda kinachojifunza kutokana na ajali pekee, kwa hiyo, kinasoma ukurasa mmoja wa kitabu kinene.

Mchimbaji mdogo wa leo hufanya kazi katika duara, yaani shimo la wima linalofuata mwamba wenye dhahabu, ambalo kuta zake huzuiwa zisiporomoke kwa magogo yanayoitwa matimba. Mchimbaji mzoefu hugonga mwamba kwa nyundo na kusikiliza: mwamba mzima hulia kwa sauti ya juu, na ule uliopasuka ndani hutoa sauti nzito kama ya mtungi wenye ufa. Anajua pia kwamba baada ya kulipua baruti hewa ya chini ina sumu, hasa gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu, na kwamba anayeshuka mapema kwa pupa ya kuwahi mawe anaweza kulala usingizi usioamka. Na anajua lililo baya zaidi, kwamba mwenzake anayeshuka mbio kumwokoa, bila kipimo cha hewa na bila kamba kiunoni, mara nyingi huwa maiti wa pili.

Maarifa hayo ni ya kweli, lakini yote yamo kichwani na sikioni mwa mtu mmoja. Wachimbaji wadogo huhama kila panapovuma habari ya dhahabu mpya, leo Makongolosi, kesho Geita au Kahama, na kijana anayeanza kazi asubuhi hii hana namna ya kurithi sikio la mwenzake aliyeondoka jana. Historia ya karibuni ya uchimbaji nchini inaonyesha matokeo yake. Mwaka 2015 watu watano walitolewa wakiwa hai katika mgodi wa Nyangarata, Kahama, baada ya siku 41 chini ya ardhi. Januari 2017 watu 15 waliokolewa huko Geita baada ya siku tatu. Januari 2024 ukuta wa shimo uliporomoka wilayani Bariadi, mkoani Simiyu, na kuua watu 22. Uokoaji ulishangiliwa, kama ulivyostahili, lakini uokoaji na kujifunza ni mambo tofauti: la kwanza huisha mtu anapotolewa shimoni, na la pili huanza hapo, kwa kuuliza shimo lilichimbwa kwa mteremko gani, maji ya mvua yalielekezwa wapi na nani aliona nyufa wiki iliyotangulia.

Zebaki inatoa mfano wa maarifa yaliyotoka mwilini yakafika kwenye sheria lakini yakakwama kabla ya kufika kwenye chombo. Dhahabu ikishakamatwa na zebaki huchomwa ili zebaki iruke kwa mvuke, na mvuke huo hushambulia mishipa ya fahamu. Madhara ya zebaki yalijulikana kwa dunia nzima kupitia mji wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa uliosababishwa na maji taka ya kiwanda ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Mkataba wa kimataifa wenye jina la mji huo ulipitishwa mwaka 2013, na Tanzania ikauridhia mwaka 2020. Kifaa cha kunasa mvuke huo kinajulikana na si kigumu kutengeneza, kwani ni chungu cha chuma kilichofungwa chenye bomba la kupoza, ila pale ambapo mchomaji bado anatumia karai juu ya makaa nyuma ya nyumba yake, mkataba haujamfikia.

Mafinga: mkono, mkanda na kinga ya chuma

Uchumi wa Mafinga na Mufindi kwa jumla umesimama juu ya miti ya misindano na mikaratusi ya Sao Hill, shamba kubwa la miti la Serikali, pamoja na maelfu ya mashamba ya watu binafsi. Sehemu kubwa ya mbao hupasuliwa kwa mashine ndogo za kuhamishika ambazo wenyeji huziita dingdong. Mashine hiyo hulifuata gogo lilipo: injini ya dizeli huzungusha mkanda, mkanda huzungusha msumeno wa duara, na gogo husukumwa kwa mikono kuelekea kwenye meno. Anayesukuma husimama upande mmoja, anayepokea ubao upande wa pili, na katikati yao hakuna kitu kingine isipokuwa mwendo wa chuma na vumbi la mbao.

Katika mashine ya namna hiyo kuna hatari tatu ambazo kila mpasuaji anazifahamu. Mkanda usiofunikwa hukamata upindo wa koti au shati na kuuvuta mkono mzima. Ubao ulioanza kujibana hukamata msumeno, kisha hurushwa nyuma kwa nguvu kumwelekea anayesukuma. Kipande kifupi cha mwisho huvileta vidole karibu na meno, kwa sababu hakuna tena mbao ya kushika. Kila hatari ina dawa ya kale na ya bei ndogo: kifuniko cha bati juu ya mkanda, kisu cha kutenganisha kilichosimamishwa nyuma ya msumeno ili ubao usijibane, na kijiti cha kusukumia kipande cha mwisho. Vitu hivyo vitatu ni historia iliyofupishwa, kwani kila kimoja kilibuniwa baada ya mikono mingi kupotea mahali fulani duniani, na mashine inayouzwa au kuungwa bila vitu hivyo ni mashine iliyovuliwa kumbukumbu zake.

Hapa ndipo inapoeleweka ngazi ya udhibiti, mpangilio unaofundishwa na wataalamu wa usalama kutoka kinga imara hadi kinga dhaifu. Ngazi ya juu ni kukiondoa kihatarishi kabisa. Inafuata kukibadilisha kwa kingine kisicho hatari. Kisha kukitenga kwa ufundi, kama kwa kifuniko. Kisha kanuni, mafunzo na mabango. Na mwisho kabisa vifaa kinga, yaani kofia ngumu, glovu, miwani na viatu. Katika viwanda vingi agizo linalotolewa baada ya ajali ni la ngazi mbili za mwisho, kwa sababu ni la bei nafuu na humrudishia mfanyakazi wajibu, ilhali glovu mbele ya msumeno wa duara inaweza kuongeza hatari, meno yakiinasa na kuuvuta mkono.

Tofauti ya umiliki inaongeza ugumu. Katika kiwanda kikubwa kama cha Mgololo, kilichofunguliwa katika miaka ya 1980 na baadaye kubinafsishwa, upo uwezekano wa kuwa na idara ya usalama, mafaili na mafundi wanaodumu. Katika dingdong mwenye mti ni mmoja, mwenye mashine ni mwingine, mwenye mbao ni wa tatu, na wapasuaji ni vibarua wanaolipwa kwa idadi ya mbao, hivyo anayesimamisha mashine kurudishia kifuniko anajipunguzia ujira wake mwenyewe. Mfumo wa malipo ya namna hiyo unafundisha pia, na somo lake hurudiwa kila siku, wakati ajali hufundisha mara moja kwa mwaka.

Mvuke, mteremko na funzo lililoingia katika chuma

Viwanda vya chai vya Rungwe na Mufindi hukausha majani kwa joto linalotoka kwenye tanuri na boila, mtungi wa chuma unaogeuza maji kuwa mvuke wenye shinikizo kwa moto wa kuni za mikaratusi. Boila ni mfano mzuri wa maarifa yaliyofika katika makao ya nne. Machi 1905 boila ililipuka katika kiwanda cha viatu mjini Brockton, Massachusetts, na kuua watu 58. Miaka miwili baadaye jimbo hilo lilitunga sheria ya boila, na kufikia 1915 wahandisi mitambo wa Marekani walikuwa wamechapisha kanuni moja ya unene wa bati, ubora wa viungo na valvu ya usalama, yaani kizibo kinachojifungua chenyewe shinikizo likizidi. Mchochea moto wa Mufindi hana haja ya kulijua jina la Brockton ili alindwe na valvu hiyo. Hata hivyo chuma nacho huchakaa, mabomba huoza kwa ndani, na valvu isiyopimwa huganda. Mei 2024 watu 11 walikufa katika kiwanda cha sukari cha Mtibwa, mkoani Morogoro, kwa ajali iliyohusisha mvuke wa moto, na tukio hilo lilikumbusha kwamba kumbukumbu iliyowekwa katika chuma huhitaji ukaguzi kama vile kumbukumbu iliyowekwa katika karatasi inavyohitaji kusomwa.

Mfano wa pili unatoka barabarani, ambako ni mahali pa kazi pa madereva na utingo, ingawa ajali zao huhesabiwa zaidi kama za trafiki kuliko za kazi. Barabara kuu hupanda na kushuka Kitonga mkoani Iringa, kisha miteremko ya Mbeya, ukiwemo Iwambi. Dereva wa lori lililojaa anayeteremka kwa gia huru ili abane mafuta, au anayetegemea breki peke yake badala ya kuacha injini imshikilie, hupasha moto ngoma za breki mpaka zinapoteza uwezo wa kushika. Lori linageuka mzigo usio na dereva. Juni 2025 lori lililoshindwa kusimama katika mteremko wa Iwambi lilisababisha vifo vya watu 28. Maelezo ya kwanza baada ya ajali za namna hiyo huwa yaleyale, kwamba breki zilifeli, lakini kufeli kwa breki ni mwanzo wa uchunguzi, kwani bado hujajibiwa mzigo ulikuwa tani ngapi, matengenezo ya mwisho yalifanyika lini, dereva alilipwa kwa safari au kwa mwezi, na kwa nini lori lisilo na breki halikuwa na mahali pa kukimbilia isipokuwa katikati ya watu.

Ulinganisho na Ireland unasaidia. Tarehe 12 Juni 1889, karibu na Armagh, mabehewa yaliyokatwa kutoka kwa treni iliyoshindwa kupanda mlima yalirudi nyuma kwa kasi na kugongana na treni iliyofuata, na watu 80 wakafa, wakiwemo watoto wengi waliokuwa katika matembezi. Aina ya breki iliyofungwa katika mabehewa hayo ilishika pale tu ilipounganishwa na injini, hivyo ilipoteza nguvu kwa kukatwa. Kabla ya mwaka huo kwisha Bunge la Uingereza lilikuwa limelazimisha breki inayojifunga yenyewe muunganisho unapokatika, wazo ambalo sasa limo katika treni za TAZARA zinazopita Makambako na Mbeya na katika breki za upepo za malori. Breki ya lori hujifunga upepo ukiisha, lakini haijifungi ngoma ikipata moto, na kwa hiyo dawa ya mteremko mrefu lazima itafutwe pia nje ya lori: vituo vya lazima vya kupoza na kukagua breki kileleni, njia za kutorokea zenye changarawe nzito, na barabara ya malori isiyopita kwenye makazi. Ujenzi wa njia nne kati ya Nsalaga na Uwanja wa Ndege wa Songwe, wenye kilomita 29, unaonyesha kwamba barabara inaweza kujengwa upya; kinachobaki ni kuhakikisha kwamba michoro inabeba orodha ya ajali zilizokwisha kutokea mahali hapo.

Kama Armagh ni mfano wa funzo lililosafiri, malori ya mafuta ni mfano wa funzo lililokataa kusafiri. Mwaka 2000, katika kijiji cha Idweli wilayani Rungwe, makumi ya watu waliteketea kwa moto wa lori la petroli. Januari 2009 watu zaidi ya 100 walikufa Sachangwan nchini Kenya, Julai 2010 zaidi ya 200 huko Sange, Kivu Kusini, na Agosti 2019 zaidi ya 100 huko Msamvu, Morogoro, wote katika mazingira yanayofanana: tangi lililopinduka, mafuta yanayotiririka, umati wenye madumu, kisha cheche. Kila mara wito ulikuwa wananchi wasikaribie, wito wa ngazi ya chini ya udhibiti, unaoelekezwa kwa maskini katika dakika ambayo mafuta ya bure yanatiririka mlangoni pake. Kujifunza kungemaanisha kuanza na tangi lisilopasuka kirahisi, saa za dereva za kupumzika, na utaratibu wa polisi na zimamoto kulizingira eneo, jambo ambalo nalo linategemea gari la zimamoto liko umbali gani.

Karatasi na makabati yake

Sheria ya Tanzania inayohusu suala hili ni nzuri kuliko sifa zake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ilichukua nafasi ya ile ya viwanda ya mwaka 1950 na kupanua ulinzi kutoka viwandani hadi mahali pa kazi kwa jumla, likiwemo shamba. Inamtaka mwajiri afanye tathmini ya vihatarishi, atoe taarifa za ajali, na awe na wawakilishi wa usalama miongoni mwa wafanyakazi. Utekelezaji wake uko chini ya Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, ulioanzishwa mwaka 2001, ambao una ofisi ya kanda jijini Mbeya. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi Julai 2015, ulibadilisha hesabu ya mwajiri kwa kiasi kikubwa: chini ya utaratibu wa kikoloni uliokuwepo, fidia ya juu ilikuwa imeganda kwenye shilingi 108,000 kwa ulemavu wa kudumu na 83,000 kwa kifo, viwango ambavyo vilifanya maisha ya mpasua mbao kuwa rahisi kuliko msumeno wake.

Hata hivyo mfumo wa karatasi una mianya miwili. Mwanya wa kwanza ni kwamba taarifa zimegawanyika katika makabati yasiyofunguana: ajali ya kiwandani huenda OSHA, ya mgodini Tume ya Madini, ya barabarani polisi wa usalama barabarani, na yoyote kati ya hizo ikidaiwa fidia huenda kwenye Mfuko. Kila kabati linajua sehemu yake, lakini mwenye kutaka kujua wapasua mbao wangapi wa Mafinga wamepoteza vidole, kwa mashine za aina gani na katika saa gani za siku, analazimika kuyafungua yote. Mwanya wa pili ni kwamba mchango wa mwajiri, ambao kwa sekta binafsi ulianza kwa asilimia 1 ya mishahara na tangu 2022 ni asilimia 0.5, ni uleule kwa benki na kwa mpasua mbao, kwa mwenye rekodi safi na kwa mwenye mashine isiyofunikwa. Ilhali Ujerumani, iliyoanzisha bima ya ajali za kazini mwaka 1884, inapanga michango kwa hatari ya kila sekta, hivyo ajali huonekana katika bei kabla hazijaonekana mahakamani.

Zaidi ya mianya hiyo upo woga. Kibarua anayejua kwamba taarifa ya nusura itamfukuzisha kazi hataitoa, na mwenye mashine anayejua kwamba mkaguzi atakuja na faini peke yake ataficha hata kidole kilichokatika. Usafiri wa anga umetafuta suluhisho kwa kutenganisha uchunguzi na lawama: kanuni za kimataifa zinasema lengo pekee la kuchunguza ajali ya ndege ni kuzuia ajali nyingine, na hata ndege iliyotumbukia Ziwa Victoria karibu na Bukoba Novemba 2022, ikaua watu 19, ilifuatiwa na ripoti ya awali iliyochapishwa, iliyoeleza mfuatano wa matukio badala ya kutaja mwenye kosa. Polisi na mahakama hawakupoteza kazi zao kwa utaratibu huo. Kilichopatikana ni meza ya pili ambapo anayejua anaweza kusema. Hakuna sababu ya kiufundi inayozuia wachimbaji wa Chunya au wapasuaji wa Mafinga kuwa na meza kama hiyo, hata kama ni daftari moja linalotunzwa na chama chao na kusomwa kwa sauti kila Jumatatu kabla ya injini kuwashwa.

Kipimo cha kujifunza

Yaliyochambuliwa yanaonyesha kwamba makao manne ya maarifa yanategemeana. Mwili huona kwanza, karatasi hulinganisha yaliyoonwa na miili mingi, sheria huyafanya ya lazima, na chuma huyafanya yasitegemee tena umakini wa mtu aliyechoka saa kumi jioni. Mnyororo huo ukikatika popote funzo hurudi mwanzo: bila mwili unaothubutu kusema, karatasi hubaki tupu, bila karatasi, sheria hutungwa kwa kubahatisha, bila sheria, kifuniko hufungwa na tajiri mwema pekee, na bila chuma, yote yaliyotangulia hubaki bango ukutani lenye picha ya mtu aliyevaa kofia ngumu.

Katika eneo ambalo nguvu kazi yake ni vibarua wa msimu, wanaochuma chai mwezi huu na kupasua mbao mwezi ujao, haiwezekani kumtegemea kila mmoja akumbuke yaliyompata mtu asiyewahi kukutana naye. Kinachowezekana ni kuandaa mahali pa kazi panapokumbuka kwa niaba yake. Kwa hiyo mkaguzi anayefika kiwandani, mgodini au kwenye dingdong iliyo ndani ya shamba la miti anaweza kupima kujifunza kwa swali moja, ambalo halijibiwi kwa cheti wala kwa jina la aliyefukuzwa: baada ya ajali ya mwisho hapa, ni kitu gani kilibadilishwa, na kiko wapi kikaguliwe?